Drande Gjeta, Aliyemlisha Mkaguzi

Tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, hapa makaburini Kodër-Arrë, ni Drande, binti wa Frrok Gjeta na mkewe Age, mke wa marehemu kaka yangu Pashk Marku, mama yao Gjovalin na Lule. Kwangu mimi Mrika alikuwa wifi. Padre aliniomba niandike kwa upole na nisizidishe ukurasa. Ukurasa umezidi, Padre, nikwambie mapema.

Drande alizaliwa tarehe 14 Februari 1957, nyumba ya juu kabisa, ile iliyobaki ukuta mmoja. Theluji ilikuwa imefunga njia. Baba yake alishuka mjini kumwandikisha theluji ilipoyeyuka, na karani akaandika tarehe aliyoiona kwenye kalenda ya ukutani. Kwa hiyo kwenye makaratasi yote ya serikali Drande alizaliwa tarehe 9 Aprili. Baba yake akasema siyo. Karani akasema, "Mzee, nikifuta nitachafua kitabu." Msalabani tumeandika ile ya kweli. Anayetaka kulinganisha na cheti, alinganishe.

Alisoma shule ya miaka minane, hapo chini kwenye jengo ambalo sasa wanafuga mbuzi, akamaliza Juni 1971. Hesabu alijua kuliko mwalimu. Siku moja alikuwa aje mkubwa wa elimu kutoka mjini, na kila mtoto akaambiwa alete yai. Kwao kulikuwa na kuku mmoja. Drande alilibeba lile yai kwapani njia nzima ili lisigande kwa baridi. Mkubwa hakuja. Mwalimu akasema rudini na mayai yenu nyumbani, watoto wakashangilia, Drande akaliacha lake juu ya dawati. Mama yake akamuuliza yai liko wapi. Akajibu, "Lilishakuwa la mgeni." Akachapwa. Alikuwa na miaka tisa. Nasimulia hili kwa sababu kuna watu hapa wanasema Drande alikuwa na majivuno uzeeni. Hakuyapata uzeeni.

Alifanya kazi za ushirika miaka sita, kubeba mbolea mgongoni na kuvuna mahindi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anafikiria mara mbili. Mwaka 1978 akaajiriwa mgodi wa shaba, kwenye ukanda wa kuchagua mawe. Walisimama wanawake kumi na wawili, maji ya baridi yanapita, wanatoa jiwe bovu wanaacha zuri, kiangazi na kipupwe. Alisimama pale miaka kumi na sita, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Mwaka wa tisini na saba, wakati wa zile vurugu za nchi nzima, ofisi zikachomwa na mafaili yakaungua. Alipokwenda kudai pensheni, wakamwambia miaka inayoonekana ni minne tu, na kwa minne hakuna pensheni. Akawaonyesha mikono. Vidole vilikuwa vimepinda kama mizizi. Bibi wa dirishani akamwambia, "Mama, mikono haina muhuri."

Aliolewa na kaka yangu Pashk tarehe 6 Oktoba 1979. Mimi nilikuwa bado sijaolewa, nikampokea kwa ulimi, wanaonijua wanajua. Nilimkagua mkate, nikakagua unga wake unavyoumuka, nikamkagua anavyofagia. Siku ya tatu akaniambia, "Wifi, ukimaliza kunichunguza shika ndoo, ng'ombe hajakamuliwa." Nikashika ndoo. Tangu siku hiyo tulielewana. Mume wangu alipofariki nikarudi hapa kijijini, yeye ndiye aliyenipisha chumba mpaka nikajenga kibanda changu ng'ambo ya ua wake. Pashk alikufa tarehe 2 Machi 2004, kifua kimejaa vumbi la mgodi. Mafaili ya kifua chake nayo yaliungua.

Gjovalin alizaliwa mwaka 1981. Lule alizaliwa tarehe 20 Januari 1985, na hapo tena kulikuwa na theluji. Mkunga alichelewa. Mtoto alitoka kachoka, hakulia mpaka tulipokata tamaa. Lule hatembei na hasemi. Anakula kwa kijiko, anacheka akisikia redio, anajua nani kaingia kwa hatua zake. Ukimwacha alivyolala, ngozi inaoza, kwa hiyo kila baada ya saa mbili anageuzwa, mchana na usiku. Miaka thelathini na minane Drande alimgeuza, na Lule hana kidonda hata kimoja mgongoni. Mje mumwangalie. Wako watu wamelazwa wiki mbili tu kwenye vitanda vya chuma, na manesi juu yao, wakarudi na mashimo.

Sasa nije kwenye sheria, maana wifi yangu hakuuawa na moyo peke yake.

Sheria ipo. Nilisomewa na Padre mwanzo mpaka mwisho. Inasema mjane atalindwa, mgonjwa atalindwa, asiyejiweza atalindwa yeye na anayemlea. Ni maneno mazuri, ukiyasikia unaweza kulia. Kwa sheria hiyo Lule alikuwa na fedha yake ya ulemavu, ikaishia kwenye nepi na dawa. Na nyumba ilikuwa na msaada wa mjane, ambao ndio ulioleta unga na kuni na vidonge vya moyo vya Drande. Hawakuwa na kingine. Mwaka 2018 ikatoka kanuni kwamba kila nyumba ije ikaguliwe, majibu yaingizwe kwenye kompyuta, na kompyuta iseme nani ana shida.

Barua ilisema mkaguzi atafika Jumanne tarehe 22 Mei. Jumatatu asubuhi Drande akaja uani kwangu.

"Wifi, niazime zulia lako jekundu, na viti viwili. Kesho nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wa serikali. Yule wa msaada."

"Huyo si mgeni, Drande. Huyo anakuja kuangalia kama una njaa."

"Akivuka mlango wangu ni mgeni."

"Basi mkalishe juu ya gunia, aone."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo. "Mtu katoka mjini, kapanda mlima huu kwa miguu tangu darajani, mimi nimkalishe juu ya gunia? Unipe zulia au nikaombe kwa wengine?"

Nikampa zulia. Nasema hili mbele ya jeneza lake, nililikung'uta kwanza likawa kama jipya. Na si mimi peke yangu. Nyumba ikiwa na mgeni, kijiji kizima kinapeleka kitu, ili aibu ya mmoja isiwe aibu ya wote. Tumelelewa hivyo, na hata leo tunajisifu kwa hilo. Mmoja alipeleka jibini, mwingine asali. Wewe Zef ulipeleka chupa ya raki, pombe kali ya miaka minane, ambayo hata kwenye harusi ya mwanao hukuitoa. Drande mwenyewe akamchinja jogoo, wa pekee. Kijiji kizima tukapanga mstari na masinia, tukimsaidia kujinyonga.

Mkaguzi alikuwa Bwana Luan, mtu wa bondeni, makamo, mpole. Nilikuwepo. Alipoona meza alisimama mlangoni.

"Mama, usingejisumbua. Mimi nimekuja kwa kazi tu."

"Kazi utaifanya ukishakula."

"Hairuhusiwi, mama."

"Hairuhusiwi na nani? Hii ni nyumba ya nani?"

Akakaa. Angekataa angemtukana, na alilijua hilo, naye ni wa nchi hii. Akala vizuri, akanywa glasi mbili, akamsalimia Lule, akauliza habari za Pashk. Halafu akatoa fomu na kalamu, akaanza kuuliza, na Drande akajibu kama mwenye nyumba anavyomjibu mgeni.

"Kuni mnazo za kutosha, mama?"

"Zipo, mwanangu, usijali."

"Na chakula? Mnakula nyama?"

"Si umekula?"

"Mtoto aliye ng'ambo anasaidia?"

"Gjovalin ni mtoto mzuri."

Mimi nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu, akamwongezea mgeni jibini. Alipoondoka akamsindikiza mpaka kwenye mti wa jozi, akarudi uso umemng'aa. Akaniambia, "Tumemtoa vizuri."

Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Barua ilikuja tarehe 3 Julai. Nyumba ina samani, ina zulia, ina mifugo, lishe ni nzuri, kuni zipo, mtoto yuko ng'ambo. Msaada umesitishwa.

Tulishuka mjini pamoja kesho yake. Ofisini Bwana Luan alipotuona alisimama, akatuvutia viti, akapauka. Nikamwambia mimi sikai.

"Zulia uliloandika ni langu. Viti ni vyangu. Jibini ya jirani, asali ya jirani, raki ya Zef. Mifugo ni jogoo, na ulimla wewe."

"Mama Mrika, naelewa."

"Unaelewa nini? Futa."

"Kompyuta haifuti. Ushahidi wa ndugu haukubaliki, ndivyo kanuni inavyosema. Lakini," akamgeukia Drande, sauti kaishusha, "mama, ukitamka wewe mwenyewe na kutia sahihi kwamba vitu havikuwa vyako, na chakula kilikuwa cha kuazima, nafungua upya leo leo. Mistari miwili tu."

Akasukuma karatasi. Akaweka na kalamu juu yake. Ninaamini alitaka kusaidia, na simsamehe, maana mtu aliyetaka kusaidia angeona kabla ya kuandika. Macho anayo. Alimwona mwanamke amevaa sweta la mume aliyekufa miaka kumi na minne nyuma, akaandika zulia.

Drande aliirudisha ile karatasi upande wa Bwana Luan. Kisha akasema, "Ulichokula kwangu kilikuwa changu." Akanyanyuka, akamshukuru kwa viti, akatoka.

Njiani nilimsema mpaka nikakauka koo. Nikamwambia, "Umemuuza Lule kwa jogoo."

Akasema, "Wifi, nikitia sahihi pale, nimemwambia mtu aliyekaa mezani kwangu kwamba nilimdanganya. Lule atakula, sawa. Mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu aliyeshiba."

"Walioshiba ni wengi," akasema, akatangulia.

Sikukubaliana naye siku ile, na leo sikubaliani naye. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mwenye shida imemtaka mwenye shida asimame mbele ya dirisha, mbele ya watu wa foleni, aivue heshima yake na kuiweka mezani, ndipo apewe unga. Kwa anayeweza, sawa. Drande hakuweza. Sheria inayomlinda yule tu anayeweza kujidhalilisha inamlinda nani? Walioupata msaada hapa kijijini nawajua, na wengine mko hapa. Kuna mmoja alificha friji kwangu siku ya ukaguzi, na leo anapokea. Simtaji. Anajua, na friji yake nayo inajua, maana ilikuwa inanguruma jikoni kwangu nisilale.

Mwaka uliofuata wakamtuma mkaguzi mwingine, mwanamke. Mnadhani Drande alibadilika? Aliandaa tena. Na sisi tukapeleka tena masinia, safari hii kimyakimya zaidi. Nilimkatalia zulia, akaenda kuazima la kwa Zef, likiwa zuri kuliko langu. Msaada haukurudi. Mwaka wa tatu hakuomba tena. Kwenye takwimu zao walimwandika ametoka kwenye umaskini. Nimeona karatasi. Ametoka.

Kilichofuata mnakijua, na kama hamkijui ni kwamba hamkutaka. Lule hakukosa nepi wala dawa hata siku moja. Vilivyopungua ni vya Drande. Kwanza sukari, halafu nyama, halafu kuni za chumba chake, wakahamia wote jikoni. Vidonge vya moyo alivikata nusu kwa kisu cha mkate, halafu robo. Nilipomgundua akaniambia daktari kampunguzia dozi. Nikamuuliza daktari gani. Akasema, "Wa mjini." Hakukuwa na daktari wa mjini. Gjovalin alituma alichoweza kutoka Italia, naye kule anaishi na mke na watoto watatu kwenye chumba na nusu, na kibali cha kumchukua dada yake walimkatalia mara mbili, maana kule nako kuna fomu. Mwanangu Gjovalin, usiinamishe kichwa. Sijasema wewe.

Septemba mwaka huu miguu ilianza kumvimba. Tarehe 18 Oktoba tukamteremsha hospitali kwa gari la muuza maziwa. Daktari akasema akae siku kumi. Alikaa mbili. Aliniuliza kwenye simu Lule kageuzwa saa ngapi, nikasema saa kumi, akasema, "Upande gani?" Nikasita. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, amepanda mlima na miguu ile.

Alhamisi tarehe 9 Novemba alasiri nilimsikia Lule. Hasemi, lakini ana sauti yake ya kuita, na hakuwahi kuita zaidi ya mara mbili, maana mama yake hufika. Siku hiyo aliita hakuacha. Nilimkuta wifi chini mbele ya jiko, sufuria la maji ya kumwogeshea mwanawe linachemka juu. Alikuwa bado wa moto. Nikalitoa sufuria, nikamgeuza Lule, halafu ndipo nikamfumba Drande macho. Angetaka hivyo, kwa mpangilio huo.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa cheti cha serikali pia sitini na sita, hapo angalau walikubaliana.

Ameacha mwanawe Gjovalin na mkewe Suela, wajukuu watatu, mimi wifi yake, na Lule. Na kwa huyo wa mwisho bado sijamaliza.

Bwana Luan yuko hapa. Yule pale karibu na ukuta, mwenye koti la bluu. Jana alikuja kutoa pole, akakaa na wanaume, akavuta sigara ya matanga, akanywa kahawa. Alipotoka akanipa karatasi uani, kainamisha kichwa. Mama akifa, mlemavu anaandikwa hana mlezi. Lule atapelekwa kwenye makao kule bondeni, kitanda kipo, gari lipo, mpaka mtu ajitokeze na nyumba yake ikaguliwe. Nikamwambia mtu amejitokeza. Akasema, basi Alhamisi tarehe 16 nitakuja, mama, nitakuja na fomu mbili. Ya kwanza ni kuona kama nyumba yako inafaa kumtunza Lule. Lazima iwe na chumba chenye moto, chakula cha kutosha, vitanda. Ya pili ni kuona kama nyumba hiyo hiyo ina shida ya kupewa msaada. Lazima isiwe navyo.

Nikamuuliza, "Zote siku moja?"

"Siku moja."

"Na mkaguzi mmoja?"

"Mimi, mama."

"Sasa wewe saa tatu utaniona tajiri, saa nne utaniona maskini?"

Akasema, "Mama Mrika, fomu sikuzitunga mimi." Alikuwa na machozi. Machozi yake ayafute mwenyewe, mimi ninayo ya kwangu.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wote, hapa mbele ya kaburi ili asiwepo wa kusema hakusikia. Alhamisi msilete kitu. Nawajua. Mtajisemesha kwamba ni kidogo tu, ni asali tu, mgeni asione aibu ya Kodër-Arrë. Atakayefika uani kwangu na sinia namrudisha nalo, na namsema njia nzima, na hamtapenda. Raki ibaki kwako, Zef. Bwana Luan atakaa tunapokaa, atapewa mkate wa mahindi na maharage tunayokula mimi na Lule, na kahawa, maana kahawa sijaikosa bado. Kuni atazihesabu zilizopo. Akiuliza tunakula nini, nitamwambia. Akiuliza nani kanisaidia, nitasema huyu na huyu, kwa majina, na mje nyote kwa pamoja mtie sahihi, maana ninyi si ndugu na ushahidi wenu unakubalika. Nimeuliza. Ulikubalika hata mwaka ule wa zulia. Hakuna aliyeshuka mlima.

Kisha atamgeuza Lule mwenyewe. Nitamwonyesha upande. Halafu ajaze fomu zake mbili, nami nitakuwa nimekaa mbele yake nikimtazama mkono.

Wifi yangu asingelikubali hili. Angeniambia nimeiabisha nyumba. Wifi yangu hayupo.

Drande, binti Gjeta, ulichoka vya kutosha, pumzika sasa, na Mungu akupokee kwa meza kama ulivyopokea watu. Wanaume, endeleeni na udongo, msichelewe. Saa nane Lule anageuzwa.